Mama Atabatiza Kimoja

Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa jikoni ninasonga bukari, ugali wetu wa huku. Bukari haimngoji mtu, kwa hiyo niliibana simu kati ya sikio na bega, nikaendelea kuzungusha mwiko. Akasema, "Yaya, wamekubali." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nikamuuliza nani kakubali nini. Akasema ni wale wachapishaji wa Ulaya, wamekipenda kitabu chake, wamemtumia mkataba, kesho anatia saini. Nikamjibu, "Mungu ni mkubwa." Bukari ikashika chini ya sufuria, ikaungua, na siku hiyo mama alikula chakula chenye harufu ya moshi.

Niseme mapema, asije mtu akadhani nilifurahi. Sikufurahi hata chembe. Niliona wivu, ule wivu unaokwama kooni kama mwiba wa samaki, umeze mate, umeze maji, wenyewe upo tu. Nilimwambia hongera, nikamwambia nitamwombea, kisha nikasema salio limeisha nikakata simu, ingawa aliyepiga ni yeye.

Nina sababu zangu. Katika familia yetu mwandishi ni mimi. Tangu zamani ni mimi niliyetunga michezo ya Noeli ya parokia, ni mimi niliyewaandikia majirani barua za kuomba kazi, na mdogo wangu huyo nilimfundisha mimi kusoma, tumekaa kwenye ngazi ya nyumba, ninamfuatishia herufi kwa kijiti. Sasa yeye yuko Lubumbashi, anafanya kazi katika ofisi yenye hewa baridi. Mimi nimebaki Likasi na mama, ninafundisha Kifaransa katika shule moja ya Kikula, na chaki imenikausha vidole. Miaka mingi niliandika kitabu changu kidogo kidogo, juu ya utoto wetu karibu na Kakontwe, baba akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, na juu ya mama zaidi ya yote. Nilikiandika kwa Kiswahili chetu, kama tunavyosema nyumbani.

Na wachapishaji hao hao, hao hao nasema, niliwapelekea mimi kwanza. Walinijibu kwa Kifaransa cha adabu, kile cha kumpapasa mtu mgongo huku unamfungulia mlango atoke. Walisema wameipenda sauti yangu, lakini kwa Kiswahili cha Katanga hawana wasomaji, wananitakia kila la heri. Nilimsimulia mdogo wangu. Akanipa pole. Baada ya muda akaniomba anwani yao, nami nikampa. Nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe. Sikujua kwamba yeye pia anaandika, na kwamba anaandika juu ya nyumba ile ile, baba yule yule, mama yule yule, ila kwa Kifaransa.

Shuleni nilimwambia mwalimu wa hesabu kwamba nimeamua kukichapisha mwenyewe. Ni mtu mwema, hana neno na mtu, lakini siku hiyo shetani alimkalia ulimini. Alicheka akasema, "Mwalimu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nami nilijiona kweli ninajitembeza, na kitabu changu kwenye beseni, napita mlango kwa mlango kama muuza ndizi. Juma lile zima alipokuja darasani kwangu kuazima chaki nilimwambia zimekwisha. Zilikuwa tele.

Lazima nieleze jambo moja. Huku kwetu kitabu hakianzi kuuzwa kabla hakijabatizwa. Unakodi ukumbi, unaalika watu, kinakuja kimefungwa kama zawadi. Anasimama mtu, baba wa ubatizo au mama wa ubatizo, marraine tunavyomwita, anakifungua, anakimwagia kinywaji kidogo, kisha anawaeleza watu mtoto huyu ni nani na ametoka wapi. Watu wanamwamini yule mtu kuliko wanavyokuamini wewe. Wenye tamaa hutafuta mheshimiwa au tajiri wa migodi, ili anunue cha kwanza kwa kelele nyingi. Mimi sikutaka tajiri. Nilimtaka mama. Kitabu ni chake, maisha ni yake, nani mwingine asimame pale? Na mbele ya watu wa Kikula, wanaonijua kama yule mwalimu asiyeolewa anayekaa na mama yake, nilitaka mama aweke mkono juu ya kitabu changu aseme: huyu ni wangu. Hilo tu ndilo nililolitaka, na nililitaka mpaka kifua kikauma.

Nilimkuta ku barza, kwenye veranda yetu, anachambua maharage kwenye lungo.

"Mama, minye nataka weye ubatize kitabu yangu."

Hakuinua kichwa. "Mudogo wako alishaniomba. Jana, mu telefone."

Niliketi kwenye ngazi. Alitupa jiwe moja, akatupa jingine, akaendelea na maharage yake.

"Basi utabatiza byote mbili," nikasema.

"Apana. Nitabatiza moja. Muntu anasimama mbele ya bantu mara moja, banamuamini. Akisimama tena na ile ile maneno, inakuwa teatre." Akapuliza maganda. "Na siwezi kubatiza mutoto sijue sura yake. Mutanisomea yote mbili. Njo nitachagula."

Mama anasoma Biblia ya Kiswahili kwa kidole, polepole, na siku hizi macho yanamsumbua. Alichosema kilikuwa haki, hata padri asingekipinga. Lakini tangu saa ile ikawa mashindano kati yangu na mdogo wangu, ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo. Yeye alinipigia akasema, "Yaya, acha mama aamue, minye nitakubali." Alisema kwa upole wake. Upole wake ndio hunichoma kuliko vyote, maana ugomvi ningeujibu.

Nilipiga hesabu zangu. Mwenye kujichapishia ana taabu zote za dunia, lakini ana kitu kimoja ambacho aliyeuza kitabu hana: siku ni yake. Mdogo wangu alikuwa amefungwa mikono. Wachapishaji wake walimwambia kitatoka msimu fulani, kisha wakasogeza, kisha wakasogeza tena. Walimbadilishia jina la kitabu, akalia. Walimkatia sura nzima juu ya bibi, akalia tena, akanipigia mimi nimfariji, nami nilimfariji vizuri sana, kwa sababu moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nikaona nikikimbia, changu kitafika mikononi mwa mama kwanza, kitasomwa kwanza, na mama akishakizoea, hicho cha Ulaya kitamkuta ameshampakata mwingine.

Basi nikakimbia. Mjini kuna mchapaji mmoja, mtu wa mikono safi, anayetengeneza kalenda za makanisa, kadi za harusi na programu za misiba. Nilimpa maandishi na picha nzuri ya mama, ile amevaa kitenge cha buluu anaangalia pembeni. Alinitumia ujumbe niende kuangalia jalada kabla hajaendelea. Nikamjibu asinipotezee muda, anajua kazi yake, achape.

Kazi yake aliijua, ndiyo. Alichapa kama alivyozoea. Nilipofika na mafurushi kwenye pikipiki, jirani yetu anayeuza makala, makaa ya kupikia, langoni alinisaidia kushusha, kamba ikakatika, kitabu kimoja kikaanguka uso juu. Akakiangalia. Akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kilio kile cha kuita watu. Nilipoinama ndipo nikaona: mama yangu yuko ndani ya duara, maua meupe kushoto na kulia, mshumaa chini yake, na ukingo mweusi umezunguka jalada zima. Wanawake walishaanza kutoka majumbani, mmoja amefungua kilemba, mwingine anauliza imetokea lini, jana tulimwona sokoni.

Mama akatoka ndani na mwiko mkononi. "Nani amekufa?"

Akaja mpaka kwangu, akakichukua kitabu, akakiweka mbali na macho yake ili aone vizuri.

"Niko muzuri," akasema. "Ila niko marehemu."

Wengine walicheka, wengine walikasirika kwamba wametoa machozi bure. Mimi nilikaa ndani mpaka jioni. Nilifikiria jinsi mdogo wangu atakavyosimuliwa, atakavyocheka kwanza halafu anihurumie. Kesho yake nilirudi kwa mchapaji, tukabandua majalada yote, mimi na yeye, tukaweka mengine yasiyo na mshumaa. Yale ya pili hayakupakwa ile ngozi ya plastiki inayong'aa, maana mashine iliyofanya kazi hiyo ilikuwa imeharibika na mimi sikutaka kungoja. Ukiyashika na mkono wenye jasho yanaacha wino kidoleni.

Nikaanza kumsomea mama. Nikitoka shule tunakula, halafu tunakaa ku barza, yeye na karanga zake, mimi na kitabu changu. Yalikuwa masaa mazuri, sitasema uongo. Aliniuliza, alinisahihisha. Alisema ile mbuzi haikuwa nyeusi, ilikuwa na baka. Alicheka niliposoma jinsi unga wa saruji ulivyoingia hadi kwenye chumvi. Niliposoma kifo cha baba, aliniomba nisome tena, polepole.

Kuna sura moja ninayoipenda kuliko zote. Nilikuwa mtoto mdogo, ndiyo kwanza nimeanza shule. Mama alikuwa ameenda Kamatanda kumuuguza shangazi, akaniacha nywele zimesukwa upande mmoja tu. Baba, na vidole vyake vilivyokomazwa na saruji, anajaribu kusuka upande wa pili. Anafunga fundo, anafungua, anatafuta uzi, anatoka jasho, mwishoe ananifunga kitambaa kichwani na kunipeleka shule, na njiani anamsalimia kila mtu kabla hajaulizwa. Wanafunzi wangu niliowasomea sura hiyo walianguka chini kwa kicheko. Nilipomsomea mama niliisoma kwa mbwembwe zote, nikaiga sauti ya baba. Mama hakucheka. Alikuwa anaangalia barabara. "Endelea," akasema.

Iliniuma. Nikafikiri labda sura ni mbovu, labda wachapishaji walikuwa na haki. Lakini tulipomaliza kitabu chote aliniambia, "Iko kitabu ya kweli. Byote uliona, umeandika." Nikalala vizuri siku zile. Nikaanza kutafuta ukumbi.

Ndipo kikafika cha mdogo wangu. Wachapishaji walimpelekea nakala chache kabla ya kile chenyewe kutoka, naye akampa dereva wa basi nakala moja amletee mama. Kilikuwa kwenye bahasha laini. Nilikitoa mwenyewe, mama akiwa sokoni. Kizito. Karatasi nene, nyeupe kidogo kuelekea rangi ya maziwa. Nilikinusa. Nililamba kidole nikasugua jalada kuona kama rangi itatoka, haikutoka. Nikasugua tena kwa nguvu. Jalada lilikuwa na picha ya mwanamke amebeba kikapu kichwani, na mwanamke huyo hakuwa mama, wala hakuwa mtu wa huku, hata namna alivyofunga kitenge si ya huku. Hilo lilinipa raha kubwa, nikakaa nalo peke yangu kwa furaha mpaka mama aliporudi.

"Soma," akasema alipokwisha kula.

"Iko mu Kifaransa, mama."

"Weye haufundishi Kifaransa?"

Basi nikajikuta ninakitafsiri kitabu cha mdogo wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya hakimu. Nani ameona mambo kama hayo? Niliamua nitakisoma kama tangazo la kukatika maji. Nikasoma hivyo kurasa za kwanza, sauti haipandi wala haishuki. Mama akaniangalia. "Soma bizuri. Mudogo wako hazungumzaka namna ile, na weye pia." Nikasoma vizuri kidogo. Nikafika kwenye sentensi juu ya mikono ya baba, jinsi alivyokuwa anainawa na bado inabaki ya kijivu, na jinsi mama alivyoijua gizani kwa ukavu wake. Sentensi fupi. Nilikuwa nimeitafuta sentensi hiyo miaka na miaka, nimeandika na kufuta, na yeye alikuwa ameiweka hapo katikati ya ukurasa bila makuu. Niliiruka. Sikumsomea mama. Nilijiambia haitafsiriki.

Siku iliyofuata tulifika kwenye sura iitwayo "Gare", yaani stesheni. Nilianza kutafsiri bila kujua inakwenda wapi, kama mtu anavyoshuka ngazi gizani. Ni miaka ile watu wenye asili ya jimbo la Kasai walipoambiwa waondoke Katanga, warudi kwao, wakajaa kwenye stesheni ya reli na magodoro na sufuria zao, wakingoja treni. Mama ni wa Kasai, kazaliwa hapa na baba aliyeletwa na kazi ya migodi. Baba yetu ni mtu wa hapa hapa. Mdogo wangu aliandika kwamba kaka zake mama walikuja nyumbani mchana, wakamwambia acha kila kitu, twende. Mama alikuwa anamsuka binti yake mkubwa. Mdogo alikuwa bado ananyonya, akamfunga mgongoni. Mkubwa ni wa baba yake, watu wa baba walishasema hivyo, hakuna wa kubishana. Mama aliweka kitana chini, akamwambia mkubwa, kaa hapa hapa, baba yako anakuja. Akatoka.

Niliacha kusoma.

"Endelea," mama akasema.

Nikaendelea. Sijui sauti ile ilikuwa ya nani. Kwenye gare watu walilala katikati ya mizigo, treni haiji. Kaka zake wanamwambia vumilia. Mtoto mgongoni analia. Na mama, kila akipeleka chakula mdomoni, anasikia harufu ya mafuta ya nywele kwenye vidole vyake. Ananawa, inabaki. Anafikiri: nimemwacha mtoto na kichwa nusu. Mtu akimwona atajua hana mama. Na asubuhi moja, wakati watu wanasema treni sasa inakuja kweli, mama akasimama, akafunga kitenge, akawaambia kaka zake anakwenda kuchota maji. Akarudi nyumbani kwa miguu, na mdogo wangu mgongoni. Kaka zake hakuwaona tena.

Niliweka kitabu juu ya mapaja. Mama alikuwa anamenya karanga, anaziweka kwenye sahani, hali hata moja.

"Mama, si ulikwendaka Kamatanda?"

"Baba yako njo alikuambia vile."

"Na weye? Miaka hii yote?"

"Haukuniulizaka." Alisema bila ukali, kama mtu anayekuambia chumvi iko wapi. "Mudogo wako alikuya, akaweka telefone yake hapa, akaniuliza. Akirudi likizo, ananiuliza. Weye nilikuwa nakuona unaandika kila siku. Nikasema, huyu anajua byote. Atauliza nini?"

Ningeweza kusema nililia kwa sababu alirudi kwa ajili yangu. Ndiyo, alirudi kwa ajili yangu, kwa ajili ya kichwa changu, na kwa kichwa hicho alipoteza ndugu zake. Watu wema wangelilia hilo. Mimi nililia kwa sababu aliyebebwa ni yeye. Niliuonea wivu mgongo. Mwanamke mzima, mwalimu, nimekaa ku barza ninamwonea wivu mtoto mchanga, kwamba alikuwepo kwenye gare na mimi sikuwepo, na kwamba hadithi yangu mimi, yangu kabisa, nimeipata kwa Kifaransa, kutoka kwake, kwenye karatasi isiyotoa wino. Na sura yangu ya baba na vidole vyake, niliyoiona ya kuchekesha! Mama alikuwa ameisikiliza akiangalia barabara.

Nilimaliza kumsomea. Sikuruka kitu tena. Hata ile sentensi ya mikono nilirudi nyuma nikamsomea, akatikisa kichwa akasema, "Eeh, njo vile ilikuwa."

Nilingoja. Sikumuuliza ameamua nini, nilikuwa nimeshajua, nilishaanza kufikiri nitavaa nini kwenye ubatizo wa kitabu cha mdogo wangu na nitaweka uso gani. Siku moja, ninaanika nguo, akasema kutoka mlangoni, "Nitabatiza yako."

Pini ya kuanikia ilinidondoka. "Juu ya nini? Sababu gani?"

"Ile ya mudogo wako iko na benyewe. Bazungu bameinunua, bameitengeneza, bataiuza kule kwabo. Yako iko na weye tu. Mutoto mwenye hana muntu, njo unamubeba."

Nilifurahi, na furaha haikufika hata tumboni. Nilikuwa nimeshinda, kwa sababu nilikuwa maskini wa kuhurumiwa. Nilikwenda kutwanga sombe, majani ya muhogo, nikaitwanga mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ukuta kama tunangoja wageni.

Ubatizo ulifanyika kwenye ukumbi wa parokia. Watu walikuja, wengi kuliko nilivyotegemea, nadhani wengine walikuja kuhakikisha kwamba mama yu hai. Mdogo wangu alikuja kutoka Lubumbashi asubuhi, akavua viatu vyake vya ofisi, akapanga viti, akapiga ufagio, akawaambia watu mlangoni, "Karibuni, ni kitabu ya yaya yangu." Nilimchunguza uso nione kama kuna kitu kimejificha. Hakikuwepo. Kama kungekuwa na kinyongo kidogo tu ningempenda zaidi.

Mama alivaa kitenge kipya. Kwa sababu ya lile jalada nilimwomba asikimwagie kinywaji kitabu, akinyunyizie tu. Akachovya ncha za vidole kwenye kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akarusha matone, wino ukatoka kidogo pembeni, hakuna aliyeona ila mimi. Halafu akawageukia watu. Hakuwa na karatasi.

Hakusema juu ya mbuzi. Hakusema juu ya unga wa saruji kwenye chumvi. Alisema, "Siku moja nilikuwa namusuka huyu mwenye ameandika." Na akawaeleza gare. Aliwaeleza yote, kaka zake, kitana, harufu ya mafuta, maji aliyosema anakwenda kuchota. Katika safu ya pili kulikuwa na mama watatu wazee wa familia za Kasai, wamefunika midomo na ncha za vitenge. Mwalimu mmoja alitoka nje akifuta macho. Mama alipomaliza aliweka mkono wake juu ya kitabu changu, mkono wote, kiganja chote, kama nilivyokuwa nimekiota. "Huyu ni mutoto wangu," akasema. "Na hii njo kitabu yake."

Walipiga makofi wakisimama. Nilitafuta macho ya mdogo wangu. Alikuwa analia, na anapiga makofi kuliko wote.

Watu walisogea mezani. Mstari ulifika mlangoni. Walikuwa wananishika mikono, wananiita jasiri, wananiambia asante kwa kuliandika jambo hilo, sisi wengine tumelifunga moyoni mpaka tumezeeka. Niliwaandikia majina yao ndani, mmoja, mwingine, mwingine tena. Sikuwasahihisha. Mkono wangu ulikuwa unaandika tu.

Ikafika zamu ya mmoja wa wale mama wa safu ya pili. Alikichukua kitabu kwa mikono miwili, akakifungua, akageuza kurasa akizisogeza karibu na macho, akarudi mwanzo, akaanza tena.

"Ile ya ku gare," akaniuliza, "ni ukurasa gani?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu, anapanga mafurushi. Alisikia. Aliinamisha kichwa akaendelea kupanga, na nikajua kwamba hatasema kitu, si leo wala kesho, hata kitabu chake kikitoka na watu wakamwita mwizi wa hadithi ya dada yake. Ningeweza kumwambia yule mama asome kitabu chote, atakutana nayo. Angekwenda nacho nyumbani.

"Haiko humu, mama," nikasema. "Iko mu kitabu ya mudogo wangu. Njo huyu hapa."

Alinitazama. Kisha akakifunga kitabu changu, akakirudisha juu ya wenzake, akakinyoosha kisikae upande, akamgeukia mdogo wangu akamuuliza chake kitafika lini. Nyuma yake, kwenye mstari, mtu mwingine alikuwa ameshafungua cha kwake, anatafuta gare.